Masale Arobaini na Moja

Wiki iliyopita nilisimama Kimandolu, pale kando ya barabara ambapo vijana wanauza miche na maua kwenye makopo ya rangi. Sikuwa na haja ya ua. Nilisimama kwa sababu goti la kushoto liliomba kupumzika, na mtu akisimama mbele ya biashara ya watu ni adabu kuuliza bei. Kijana mwenye miche akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, akanitembeza kwenye mimea yake mmoja mmoja kama anayetambulisha ndugu, mpaka tukafika kwenye kopo lenye mmea mwembamba, majani marefu yaliyochongoka, kijani cha kung'aa.

"Hili ni la ndani, bibi. Unaliweka sebuleni. Watu wa mahoteli wanalipenda sana."

Nikaliangalia. Nikavaa miwani, nikaliangalia tena. Lilikuwa sale.

Bei aliyoitaja siiandiki hapa, nisije nikaonekana nalalamika. Nitasema tu kwamba nimeuza nguo sokoni kule Sakina miaka mingi, na ninaujua uso wa muuzaji anayetaja bei huku akimwomba Mungu isikataliwe. Uso wa kijana yule haukuwa huo. Yeye aliiamini bei yake. Nikamwuliza kama anajua kazi ya mmea ule. Akasema kazi yake ni urembo. Nikamwambia mimi nilishang'oa masale arobaini na moja kwa siku moja, na kama siku hiyo ningekuwa na makopo, leo ningekuwa mwenye hoteli. Akacheka kwa heshima, kama vijana wanavyowachekea wazee ambao ni dhahiri hawatanunua.

Kweli sikununua. Lakini tangu siku hiyo kumbukumbu zimenikalia kooni kama mwiba wa samaki. Kaa basi nikusimulie, maana wewe angalau hujanitajia bei.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado bomani na uso wa mfalme wake uko kwenye shilingi zetu. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi ukimwuliza mama, ambaye aliniongezea mwaka kila alipotaka nibebe kitu kizito. Tuliishi Arusha mjini, chumba kimoja nyuma ya soko, watu wanne: baba, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado wa mgongoni. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi. Cherehani ilikuwa ya mwenye duka. Mali ya baba ilikuwa mkasi, pasi ya mkaa na futi ya kupimia, ambayo aliivaa shingoni hata siku ya Jumapili. Mama alikuwa mzaliwa wa Kondoa lakini mjini ndiko alikokulia, na alikaanga vitumbua vilivyoamsha mtaa mzima kwa harufu kabla jogoo hajakohoa.

Niliupenda mji kwa sababu ulikuwa na vitu vya kuhesabu. Milango ya maduka, ndoo kwenye foleni ya bomba, magari ya walowezi wa Kizungu yaliyojipanga mbele ya hoteli siku ya Jumamosi. Kila kitu nilikihesabu mara mbili. Mara ya kwanza unavihesabu vitu. Mara ya pili unajikagua mwenyewe kama hujadanganywa.

Siku moja akaja mwanamke wa mlimani, mmoja wa wale walioshuka na ndizi sokoni, akasimama mbele ya baraza la baba na ujumbe kutoka kwa bibi. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na bibi alibaki peke yake kwenye kihamba, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kule juu ya Maji ya Chai. Ardhi ilikuwa haba. Chini yalikuwepo mashamba ya walowezi, juu ulikuwepo msitu wa serikali, na watu walibanwa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Kihamba kisicho na mwanamume wa kukilima kilitamaniwa kama mjane kijana. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa na kusema hivi: mwanawe wa mjini aje kabla ya mvua za masika, alime, akae. Kahawa ikiisha kuchumwa, watamwita jirani wa mpakani na kumwuliza swali moja tu: huyu anafaa? Jirani akisema hafai, kihamba atapewa mwingine katika ukoo, mwenye watoto wengi na shamba dogo.

Baba aliondoka mlimani akiwa mtoto. Jembe alilijua kama ninavyoijua mimi meli: nimeiona kwenye picha. Hata hivyo siku ya tatu akamwambia mama tunahama. Mama akauliza kama kule kuna bomba. Baba akasema kuna mto. Mama akauliza kama mto una foleni. Baba akasema hauna. Hilo likamaliza mjadala. Alipomuaga mwenye duka, kiti chake kilipata fundi mwingine kabla hakijapoa, na hapo mimi nilielewa, kwa akili zangu za miaka tisa au kumi, kwamba mlango wa kurudi umefungwa.

Tulipanda lori mpaka Maji ya Chai. Mizigo ilikuwa tisa; nikahesabu tena, ikawa kumi, kwa sababu mara ya pili nilimhesabu na mdogo wangu. Jina la mahali lilinipa matumaini makubwa njiani. Nilipoona mto wenyewe, maji mekundu ya udongo kama chai ya rangi, nilichota kwa kiganja nikaonja. Mama akaniuliza sukari imekolea? Hiyo ndiyo ilikuwa hasara yangu ya kwanza ya ukulima.

Bibi alitupokea mlangoni mwa nyumba yake chini ya migomba. Kwa baba alizungumza Kimeru, baba akijibu kwa kujikwaa. Sisi wengine alituzungumzia Kiswahili, na Kiswahili chake alikipata kanisani kwa Walutheri, kwenye masomo ya Jumapili, hakuwahi kukipata mahali pengine. Kwa hiyo kila alilosema lilikuwa kama limeandikwa. "Tazama, maji yamechemka." "Amin, nakuambia, chumvi imekwisha." Mtu akiniambia leo kwamba chumvi imekwisha bila amin, huwa nahisi kama ananificha jambo.

Nikikumbuka miezi ile ya kwanza, nakumbuka kwanza sauti. Mjini kulikuwa na cherehani. Kule kulikuwa na majani ya migomba yakisuguana siku nzima, ambayo usingeweza kujua kama ni mvua inakuja au ni upepo tu unakutania. Nakumbuka moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, ndizi zinazochemka na maharage kwenye chungu kimoja, na bibi akizisonga kwa mwiko mpaka ziwe laini. Nakumbuka kazi. Kuokota kuni, kuchota maji, kupunguza machipukizi ya migomba, kung'oa magugu chini ya mibuni mpaka mikono inanuka kijani. Mimi na mama tulijifunza pamoja, kama wanafunzi wawili wa darasa moja, mmoja mrefu mmoja mfupi.

Baba alijifunza kwa njia yake. Wiki ya kwanza aliitoa ile futi shingoni, akaanza kulipima shamba, futi kwa futi, akipiga magoti. Watu wakasimama njiani kutazama. Na aliyesimama kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa jirani wa mpakani, mzee mkavu mwenye koti la jeshi alilotoka nalo vitani, mkono mmoja umeegemea fimbo.

"Kijana," alimwita baba, "unalishonea suruali au kanzu?"

Tangu hapo shamba letu likapata jina. Kila asubuhi, kutoka upande wa pili wa mpaka, jirani alipaza sauti: "Mmeamkaje huko mjini?" Mlima mzima ukaiga. Watoto walikuwa wakitumwa "Mjini" kuazima moto, maana yake kwa bibi. Baba alijibu salamu kwa upole huku akiuma meno, kwa sababu alijua, na sisi sote tulijua, kwamba mdomo ule ule ndio utakaoulizwa na wazee baada ya kahawa.

Sasa kati yetu na jirani, kutoka njia ya juu mpaka kijito cha chini, palikuwa na mstari wa mimea. Mimi na mama tuliuona kama kichaka tu. Ilikuwa imesongamana, majani makavu yameanguka chini yake tabaka juu ya tabaka, na mama aliwahi kuona nyoka akiingia humo. Kama wewe hukukulia uswahilini huwezi kujua uwanja ulikuwa nini kwa mwanamke kama mama. Uwanja ni mtupu, umefagiliwa mpaka udongo unameremeta, na chochote kinachoota bila kuliwa ni aibu ya mwenye nyumba.

Ikatokea juma ambalo baba alishuka mjini kushona sare za shule kwa fundi mwenzake, ili tupate fedha za chumvi na sabuni. Jirani naye alikuwa amekwenda upande wa Sanya, kwa binti yake aliyejifungua. Na siku moja ya juma hilo bibi aliamka alfajiri akaenda sokoni Tengeru na ndizi. Mama akafunga khanga kiunoni, akanitazama, akasema leo tutamfurahisha bibi yako.

Tulianza na umande ukiwa bado haujakauka. Mimea ile ilikuwa na mizizi ya ubishi, ila udongo ulikuwa umelainika kwa mvua, na mama akiamua jambo hata mwamba unasogea. Yeye alichimba, mimi nikavuta. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka akitafuna jani. Kufika adhuhuri tulikuwa tumefika kijitoni. Tukakusanya yote, tukarundika, tukaweka na majani makavu, tukatia moto, nao ukawaka kwa moshi mzito wa njano ulioonekana sijui mpaka wapi. Halafu tukapiga jembe, tukasawazisha, tukapanda maharage mistari miwili iliyonyooka kabisa. Mama akafagia. Nilisimama nikatazama kazi yetu, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba na mimi ni mkulima.

Bibi alirudi jioni, jua likiwa kwenye kilele cha migomba. Alikuwa na ndizi zilizokosa mnunuzi, kikapu kichwani. Alifika kwenye uwanja, akatazama upande ule, akakaa chini pale pale aliposimama, kikapu bado kichwani.

Nilidhani ni furaha.

"Mmebakiza lipi?" akauliza.

"Hakuna, bibi," nikamwambia. "Tumeyamaliza. Yalikuwa arobaini na moja. Nimehesabu mara mbili."

Sijawahi kutoa hesabu sahihi kama ile, wala iliyopokelewa vibaya kama ile.

Bibi hakupiga kelele. Alimwita mama akae, akamweleza kwa Kiswahili chake cha kanisani, polepole. Ule mmea ni sale. Sale halipandwi kwa urembo. Linapandwa na watu wawili, mwenye shamba huku na mwenye shamba kule, wakati mmoja, wazee wakitazama, na baada ya hapo ndilo linalosema ardhi ya huyu inaishia hapa. Halitolewi na mtu mmoja. Anayelitoa peke yake, tena mwenzake akiwa safarini, amesema kwa vitendo kwamba mpaka haupo na anakusudia kula shamba la mwenzake. Babu na jirani waliyapanda masale yale wakiwa vijana. Sisi tuliyapalilia.

Baba aliporudi akaambiwa, hakumgombeza mama. Alivua viatu vyake vya mjini akaviweka juu ya dari, sijui kwa nini; labda alitaka kuona kama vitamwita. Mama aliacha kula. Usiku alikuwa akisema peke yake kwamba ameuza nyumba ya mumewe kwa maharage mistari miwili. Na miezi iliyobaki kufika mavuno ya kahawa ilikuwa minne.

Jirani alirudi Ijumaa. Asubuhi ya Jumamosi hatukusikia sauti ya mmeamkaje. Migomba ilisugua majani yake, na upande wa pili kimya. Ndipo nilipogundua kwamba kumbe tuliizoea ile dhihaka. Ilikuwa ndiyo salamu yetu.

Bibi akasema liko jambo moja la kufanya. Sale ndilo linaloweka mpaka, na ni sale hilo hilo linaloomba msamaha. Ukimkosea mtu, unamletea jani la sale, na akilipokea mkononi hana ruhusa ya kukataa kukusikiliza. Baba akauliza basi tunangoja nini. Bibi akamwuliza jani lenyewe tutalikata wapi.

Fikiri nawe kidogo, rafiki yangu. Juu yetu ilikuwepo njia. Chini kijito. Upande wa tatu lilikuwepo shamba la kanisa, lenye ua wa miti ya Kizungu. Masale ya upande wa nne tuliyachoma. Katika eneo lote lile, masale yaliyokuwa karibu yalikuwa ya jirani mwenyewe, kwenye mpaka wake wa mbele. Kwenda kuomba mbali kulimaanisha kutangaza jambo mlima mzima, ingawa moshi wetu nadhani ulishatangaza. Ili tumwombe jirani msamaha kwa kumng'olea masale, ilibidi tumwombe sale.

Nikatumwa mimi, kwa hoja kwamba mtoto hapigwi na asiyemzaa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akinoa panga, jambo ambalo halikunisaidia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Bibi anaomba jani moja la sale."

Panga likasimama. "La nini?"

Sikuwa nimefundishwa jibu la hapo. "La kukuomba msamaha."

Akalilaza panga juu ya magoti. Halafu kifua chake kikaanza kutikisika ndani ya lile koti, bila sauti, na nikadhani anaugua. Kumbe anacheka, na anajikataza. Akainuka, akaenda kwenye mpaka wake wa mbele, akakata.

"Chukua mawili," akasema. "Watu wa mjini, moja mtalipoteza njiani."

Bibi akalifunga jani fundo, akavuka na baba na mama, wakampelekea. Akalipokea. Alikuwa hawezi kulikataa. Tena lilikuwa lake mwenyewe. Lakini kusikiliza si kusamehe, na kusamehe si kusahau mpaka. Alisema wazee waje, masale yapandwe upya, na mstari atauonyesha yeye.

Wazee wawili wa ukoo walikuja Jumamosi iliyofuata, pamoja na mwinjilisti wa kanisani kwetu. Baba alikuwa amejiandaa. Alikuwa na futi yake na karatasi aliyoandika vipimo vyote vya wiki ile ya kwanza, kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye kile kichaka. Akaitoa kwa heshima. Mzee mmoja akaishika ile futi kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku.

"Baba yako alipopanda, hii ilikuwepo?"

"Haikuwepo, mzee."

"Basi haikuona."

Akamrudishia. Wakasema atembee jirani, na kando yake atembee bibi, kwa sababu ndio wawili pekee walio hai waliokuwepo siku ya kwanza. Wakaanzia kijitoni. Jirani alitembea bila viatu, polepole, akichomeka fimbo kila penye sale, na baba akifuata na jembe. Mimi nilitembea kisiginoni kwa bibi nikibeba miche iliyokatwa kwenye mpaka wa mbele wa jirani. Mashimo ya kwanza yalikuwa pale pale. Niliyajua, udongo ulikuwa bado laini chini ya maharage. Lakini tulipofika katikati, fimbo ikaanza kuingia kwetu. Nusu hatua. Halafu hatua nzima. Ikaendelea hivyo, imenyooka, kupita mbele ya migomba yetu mitano, miwili kati yake ina mikungu, ikiiacha yote upande wa jirani.

Nikafungua mdomo. "Bibi, hapa si..."

Bibi akanikanyaga mguu. Alikuwa mtu mzito. Hakunitazama, alikuwa anamtazama jirani, na jirani alikuwa ameuona ule mguu ukishuka. Kwa kitambo fimbo ilibaki hewani.

"Panda," bibi akamwambia baba.

Baba akapanda. Tukaenda hivyo mpaka njia ya juu. Wazee wakamwuliza bibi, ndipo? Akasema ndipo. Wakamwuliza jirani, ndipo? Akasema ndipo. Mwinjilisti akaomba, tukaitika amina, wageni wakanywa maziwa ya kuazima.

Jioni nililia kwa hasira jikoni. Nilimwambia bibi tumeibiwa migomba mitano, na mikungu miwili, na nimehesabu, na yeye alijua. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka akamaliza, kisha akasema, "Wewe umehesabu migomba. Mimi nimehesabu asubuhi zijazo."

Sikuelewa. Nililala na hasira yangu nikiwa na uhakika kwamba katika familia yetu mimi peke yangu ndiye ninayejua biashara.

Mavuno ya kahawa yakaja. Vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, ua mzima ukinuka utamu mkali wa maganda yanayooza, na baba, ambaye mikono yake ya ufundi ilikuwa myepesi, akatokea kuwa mchumaji mzuri kuliko alivyokuwa mchimbaji. Hakuvunja tawi hata moja. Mara mbili nilimwona jirani amesimama nyuma ya masale machanga akimtazama, hasemi neno.

Siku ya wazee kukaa, tulikaa ndani, mama ameshika mdogo wangu kama anayeogopa kunyang'anywa. Walikaa uwanjani, tuliwasikia vizuri. Mzee mkubwa akauliza lile swali moja. Jirani akakohoa.

"Mkulima si mkulima," akasema. "Shamba analipima kama suruali, na mkewe anapalilia mipaka."

Mama akafumba macho.

"Lakini ana mama. Mwacheni akae."

Basi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Haikuwa jambo la vigelegele. Baba alitoka nje akawapa wazee mkono mmoja mmoja, akarudi ndani, akashusha vile viatu kutoka darini, akampa mama amuuzie mtu. Na kesho yake asubuhi, kutoka ng'ambo ya mpaka, sauti ikapaa kwa mara ya kwanza tangu siku ya moshi: "Mmeamkaje huko mjini?" Mama ndiye aliyejibu.

Wiki haikupita, jirani akaja akivuta ng'ombe kwa kamba. Hakumtoa zawadi, kwetu kulikuwa na desturi ya mwenye ng'ombe kumpa mwenzake amtunze. Ndama ni wa mwenyewe, maziwa na samadi ni vya mtunzaji. Alisema zizi lake limejaa. Halikuwa limejaa, nilikwenda nikahesabu. Kwa samadi ile migomba yetu ilinenepa, na kwa maziwa yale tulianza kula loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa mgando, chakula ambacho mpaka leo nikikionja hotelini naweka kijiko chini na kumhurumia mpishi.

Na ile migomba mitano? Jirani hakuwahi kuirudisha. Kuirudisha kungekuwa kukiri. Lakini mkungu wa kwanza ulipokomaa, aliukata akauleta mlangoni kwa bibi, akauweka, akaondoka akilaumu hali ya hewa. Wa pili hivyo hivyo. Ilipozeeka na machipukizi yake yakakua, mikungu iliendelea kuja, mwaka baada ya mwaka, na bibi aliipokea kila mara kama kitu asichokitarajia. Nilikuwa nikiihesabu. Nilifika thelathini na kitu, nikaacha, na hiyo ndiyo hesabu pekee maishani mwangu niliyoiacha kwa hiari.

Leo kule kumebadilika. Kahawa imeng'olewa na wengi, bei ilipokuwa haina maana tena. Nyasi za paa zimekwisha, moshi hautoki kwenye mapaa. Ng'ombe wa kutunziana sijamsikia miaka mingi. Siku hizi mtu akikuletea ng'ombe wake utamwuliza ana ugonjwa gani. Majani ya migomba bado yanasuguana, lakini ni machache, na kati yake kuna redio ya mtu.

Mwaka juzi mjukuu wa jirani alinipigia simu. Ni mtu wa heshima, anafanya kazi Arusha, alitaka kujenga. Akaniomba nipande mlimani nimwonyeshe mpaka, kwa sababu masale mengi yalikufa wakati wa ukame na kwao hakuna aliyebaki anayejua. Ndugu zangu nao hawajui. Mdogo wangu siku ile alikuwa anatafuna jani. Nilisimama pale katikati, mtaalamu wa kupima ardhi na vyombo vyake upande mmoja, mjukuu upande mwingine, na wote wawili wakangoja nitakapoweka mguu.

Hatua moja. Nawe unajua sasa viwanja vya kule vinauzwaje. Sitajifanya kwamba sikuliwaza. Nimeishi kwa kuwaza mambo kama hayo, na nimesomesha watoto kwa hilo.

Nikaweka mguu pale alipochomeka fimbo babu yake. Yule mtaalamu akaandika. Mjukuu akasema asante sana bibi, umetusaidia, kama mtu anayemshukuru mpita njia aliyemwonyesha duka. Wakaenda kunywa soda.

Nilibaki. Nilitamani mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba pale chini ya kiatu changu ndipo tuliponunua nyumbani kwetu, na kwamba bei ilikuwa nafuu. Lakini wote ambao wangenielewa wamelala humo humo shambani, bibi, baba na mama upande huu, mzee mwenye koti upande ule, na kati yao si mbali hata kidogo. Niliwaamkia, nikianza na wetu. Halafu nikavuka nikamwamkia na yeye.